Choo cha Mzee Masatu

Siku wanawake walipogawana nyumba za kutembelea, nyumba ya Dafroza ilirukwa, na aliyeshauri irukwe alipigiwa makofi.

"Kwa mwenyekiti tukafanye nini?" alisema Marcelina. "Tukamfundishe aliyetufundisha? Pale hata kuku wanatembea kwa tahadhari!"

Wakacheka wote pale kwenye baraza ya zahanati ya misheni, na Dafroza, mwenyekiti mwenyewe, naye akacheka. Lakini alicheka kwa mdomo tu. Alitamani mmoja wao, yeyote, aseme hapana, na kwa mwenyekiti tutakwenda. Hakuna aliyesema. Na yeye mwenyewe angesemaje? Ili aseme, ingembidi ataje mbele ya watu mahali baba mkwe wake anapokwenda haja, na mkwe mwenye adabu zake hataji hilo hata kwa mama yake mzazi.

Ngoja nieleze vizuri, maana kuna watu wepesi wa kuhukumu. Kwenye rasi ile, upande wa ziwani kupita Nyegina, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai mkeka mmoja, hawashikani mikono, na choo kimoja hawaingii. Mkwe haingii anapolala baba mkwe wala hamuulizi habari za mwili wake. Msidhani ni chuki. Mzee Masatu alimpenda Dafroza kuliko alivyowapenda baadhi ya wanawe wa kuzaa. Na Dafroza, mzaliwa wa Butiama aliyefiwa na baba angali mdogo, alimwita mzee huyo Tata, yaani baba, na alimaanisha.

Choo pale nyumbani kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha mzee. Alikichimba mwenyewe enzi za nguvu zake. Halafu ukaja ule wakati wa kupunguza watu kazini, wakubwa wakisema serikali haina uwezo, na Dafroza, aliyekuwa mhudumu wa wodi ya hospitali huko Bunda, akarudi kijijini na sanduku lake na mtoto wake. Mzee alimwachia choo bila neno. Yeye akahamia kwenye mawe. Nyuma ya nyumba, ukivuka uzio wa minyaa, kuna kinjia kinachoteremka katikati ya mawe makubwa mpaka kwenye kichaka kinachotazama ziwa. Hiyo ikawa njia yake asubuhi na jioni, kiangazi na masika, na hakuna mwanamke aliyeikanyaga.

Dafroza alikuwa ameona wazee wa kutosha kule wodini. Wanaletwa kwa machela wakiwa wamevunjika nyonga, wanarudishwa kwa machela, na wengi hawainuki tena. Kila alipomsikia Tata akikohoa kule nyuma asubuhi, akishuka na fimbo yake, aliacha alilokuwa akilifanya akasikiliza mpaka akohoe tena akirudi.

Mpango wenyewe wa kukagua nyumba za wazee ulianza kwa msiba. Bibi Nyangi, mwanamke mcheshi aliyejulikana rasi nzima, aliteleza kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe watu wakiwa mashambani. Alilala pale chini akiita mpaka sauti ikamkauka. Alipozikwa, Dafroza alisimama mbele ya wanawake wa jumuiya akasema, jamani, huyu hakuuawa na uzee, ameuawa na kizingiti. Wengine waliguna. Wengi walilia.

Mwanzo walikosea. Walikubaliana kila mmoja akague kwake, na wote wakarudi mikono mitupu. Mtu atakaguaje chumba asichoruhusiwa kuingia? Hyasinta, rafiki wa Dafroza, ndiye aliyepata njia.

"Tubadilishane," alisema. "Baba mkwe wako si baba mkwe wangu. Mimi nikienda kwako naingia popote, naangalia kitanda, naangalia choo, na mzee ananiambia yote. Wewe unakuja kwangu hivyo hivyo. Kuna mwiko gani hapo?"

Hapakuwa na mwiko wowote. Wakapeana wenza pale pale, wawili wawili, na mwisho akabaki Dafroza peke yake, asiye na mwenza. Hapo ndipo Marcelina alipotoa ile kauli yake na watu wakapiga makofi.

Kazi ilishika kasi, lazima tuseme ukweli. Wanawake wale waliingia nyumba za wenzao wakatoa mikeka iliyopinda ncha, wakasogeza mafiga yaliyokaa njiani, wakashusha vizingiti, wakahamisha kamba za mbuzi zilizokatiza uwanja. Waliwafundisha wazee kukaa kwanza kitandani, miguu ikigusa chini, kizunguzungu kikipita ndipo wasimame. Kwa wale wasioona vizuri walifunga kamba ya katani kutoka mlangoni mpaka chooni, mtu aende ameishika. Na kila mzee aliyehitaji walimpelekea fimbo.

Wanaume kule mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, walipata la kuchekea. Ilikuwa ile miaka ya sangara, malori ya barafu yakitoka kwenye viwanda vya mjini Musoma kufuata samaki vijijini, na mwanaume asiyekuwa ziwani alikuwa anasubiri mizani. "Chama cha Fimbo hao!" walisema wanawake wakipita. "Sasa wazee mnawafunga breki?" Na Dafroza wakambatiza jina la Mama Fimbo.

Jina hilo lilikuwa na haki yake, kwa kuwa fimbo zote zilitoka nyumbani kwake. Mzee Masatu ndiye aliyezichonga. Alikaa kwenye kivuli cha ghala na kisu chake, akachonga moja baada ya nyingine, kila moja kwa kimo cha mwenyewe, ncha akaivalisha kipande cha tairi ili isiteleze. Hakutaka kulipwa. Alitaka kusikia habari tu.

"Mama Shida," aliita siku moja. Shida ndilo jina la mjukuu wake.

"Abee, Tata." Dafroza alisimama mbali kidogo, amempa ubavu, macho chini, kama ilivyo desturi.

"Hii ya Makongoro nimeifanya ndefu. Ujanani alikuwaga na maringo, akiinama atajisikia vibaya."

Dafroza akacheka. "Nitampelekea, Tata."

Mzee akaendelea kuchonga. Vumbi la mti lilimwangukia magotini. "Nasikia kwake mmefunga kamba mpaka chooni."

"Ndiyo, Tata."

"Inashikika?"

"Inashikika vizuri. Anakwenda mwenyewe na kurudi."

"Vizuri," alisema mzee. Akaigeuza fimbo, akaitazama ncha, akaigeuza tena. "Makongoro anaendaga karibu."

Basi. Hakuongeza neno, na Dafroza hakujibu. Alirudi jikoni, akashika mwiko, akasimama mbele ya chungu asijue alichokuwa anapika. Alikuwa ameombwa. Mzee yule, ambaye hakuwahi kuomba hata maji ya kunywa, alikuwa amemwomba kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na yeye kwa adabu zake alikuwa amekaa kimya.

Jioni ile alimtuma Shida apeleke kopo kubwa chumbani kwa babu yake, asiseme la nini. Asubuhi kopo lilikuwa nje ya mlango wa mzee, limejaa vipande vya tairi vilivyokatwa vizuri, tayari kwa fimbo nyingine. Mzee alikuwa ameelewa la nini, akalikataa bila kumwaibisha mtu.

Bernado, mumewe Dafroza, alikuwa na kambi ya uvuvi kisiwani Rukuba na alirudi nyumbani Jumamosi moja moja. Safari hiyo Dafroza alimwacha ale ashibe ugali wake na sato, akanawa, ndipo akaanza.

"Baba Shida, lile shimo."

Bernado akashusha pumzi. Alijua shimo gani. Kiangazi kilichopita alikuwa ameanza kumchimbia baba yake choo chake, kule ng'ambo ya ghala. Shimo lilifika magotini, likakuta mwamba, likaachwa. Sasa lilikuwa limefunikwa miiba mbuzi wasitumbukie.

"Pale kuna mwamba, Mama Shida. Mwamba! Nitoboe kwa meno?"

"Kaazime mitaimbo. Waite watu wakusaidie."

"Watu gani? Watu wote wako kwenye sangara. Ukimwita mtu siku hizi anakuuliza utamlipa kama kiwandani au vipi. Na mimi nyavu zangu ndiyo hizo unaziona."

"Basi chimba mahali pengine."

"Uwanja wote huu ni mwamba ule ule. Kwani hujui?"

Dafroza alikusanya vyombo. "Basi mimi nitakwenda porini. Tata arudi chooni kwake."

"Aingie unakotoka wewe?" Bernado alimkazia macho. "Unataka akina Pastory watuimbe mwaloni? Na yeye unafikiri ataingia?"

"Anateleza kule, Baba Shida. Mvua zinakuja."

"Amekwambia?"

"Ataniambiaje!"

"Sasa? Mzee amecheza kwenye yale mawe tangu utoto wake, anayajua kuliko mimi na wewe. Msimu ukiisha nitaita watu. Nakuahidi." Alimshika bega. "Mbona unalia sasa?"

Bernado hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa, tungemlaumu yeye tukalala. Alimpenda baba yake, alimletea samaki mnono kila aliporudi, na aliamini kabisa kwamba msimu ungeisha. Lakini msimu gani? Malori yalikuja masika, yakaja kiangazi, na ziwa halikuwa na siku ya kupumzika. Jumatatu alfajiri alipanda mtumbwi akarudi Rukuba.

Dafroza alijaribu tena, mara hii kwa Hyasinta. Alimwita kwa kisingizio cha kuchukua fimbo.

"Nenda kamsalimie Tata," alimwambia. "Kaa naye. Zunguka zunguka uangalie."

Hyasinta alikwenda mpaka mlangoni kwa mzee, akasalimia, akacheka naye sana, akarudi na fimbo mbili kwapani.

"Ana nguvu huyo mzee wako! Ananiambia nimtafutie mchumba Bunda, huku wote wanamjua."

"Umezunguka nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

Dafroza alifungua mdomo. Hapo walikuwa wawili tu, jamani, yeye na rafiki yake, hakuna mtu wa kusikia ila kuku. Neno moja lingetosha. Kule nyuma kuna njia ya mawe. Lakini alimwona Tata kwa mbali, ameinamisha kichwa juu ya kisu chake, shingo imekonda, na aliona kwamba kulisema ni kama kumvua nguo pale uwanjani. Tena aliona aibu yake mwenyewe, yeye mwalimu wa watu, ambaye rasi nzima inamsifu.

"Hakuna kitu," alisema. "Minyaa tu."

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha alfajiri, ikakatika kulipokucha. Shida alikuwa amekwenda shule. Dafroza alisikia kikohozi cha Tata kikishuka, naye akaanza kufagia. Alifagia uwanja akamaliza, akasikiliza. Akaosha vyombo. Uji wa mzee aliokuwa ameuacha kwenye bakuli ulikuwa umeweka utando.

Akaacha vyombo akakimbia mpaka kwenye uzio wa minyaa. Akasimama hapo.

"Tata!"

Kimya.

"Tata! Ni mimi!"

"Usije." Sauti ilitoka chini, karibu kuliko alivyotegemea. "Nimeanguka. Mguu haunifuati."

"Nakuja, Tata, nikuinue! Najua kuinua!"

"Najua unajua. Usije, Mama Shida. Nguo imebaki huko juu. Niko vibaya." Akapumua kwa shida. "Mwite mwanaume."

Dafroza alikuwa ameshika tawi la mnyaa, na utomvu wake mweupe ulimchuruzika mkononi bila yeye kuona. Hatua chache tu. Mikono ile ilikuwa imeinua wagonjwa Bunda miaka yote ile, wanaume kwa wanawake. Na yule aliyelala chini alimwomba kitu kimoja tu, kwamba asimwone.

Akageuka akakimbilia mwaloni.

Lori lilikuwa limefika, na ndiyo sababu hakumkuta mwanaume hata mmoja njiani. Wote walikuwa wamezunguka mizani, sangara wamelala kwenye majani, barafu inayeyuka, dereva anapiga honi. Dafroza alipenya mpaka akamfikia Pastory, binamu wa mumewe, aliyekuwa amesimama na samaki wake kwenye foleni.

"Shemeji, njoo! Tata ameanguka kwenye mawe!"

"Ameumia?"

"Hawezi kusimama!"

Pastory akatazama mizani, akatazama samaki wake. Mbele yake walikuwa wamebaki watu wachache. "Nakuja, shemeji. Nipime tu hawa, wakiharibika nimekwisha. Sasa hivi!"

"Pastory, nakuomba."

"Si nimesema nakuja!"

Mtu mmoja nyuma alidakia, "Mama Fimbo, si wewe unayefundisha watu kuinua? Leo imekuwaje?" Wengine wakacheka. Wengi wao walicheka bila kujua nini kimetokea, kwa kuwa jina lile lilikuwa limezoeleka kuchekwa. Dafroza alizunguka uso kwa uso, akawashika mikono, na kila mmoja alimwambia sasa hivi, sasa hivi, na honi ikapigwa tena, na matone makubwa ya mvua yakaanza kuanguka juu ya barafu.

Hapo ndipo alipomkumbuka Hyasinta. Alikuwa amepita mbele ya mlango wake akikimbia, hakumwita. Mzee alisema mwanaume, na yeye akafuata neno la mzee. Akageuka akamkimbilia.

Hyasinta hakuuliza swali. Aliacha ugali jikoni, wakakimbia wote katika mvua mpaka kwenye uzio, naye akavuka. Dafroza akabaki juu, amegeuza mgongo, akipiga kelele kushinda mvua.

"Mfunike kwanza! Muulize anaumia wapi! Usimvute mkono!"

"Nimemfunika! Ni nyonga, dada! Anatetemeka!"

"Pitisha mikono kwapani, toka nyuma!"

Mvua. Halafu sauti ya mzee, mlio mmoja mfupi kama wa mtoto.

"Siwezi peke yangu!" Hyasinta alikuwa analia. "Ni mzito, na haya mawe yanateleza! Dafroza, siwezi!"

Dafroza alifungua kitambaa chake cha kichwani. Akajifunga machoni, akakaza fundo kisogoni mpaka likauma. Halafu akapiga magoti, akapapasa, akaanza kuteremka njia ambayo hakuwahi kuikanyaga.

"Nani huyo?" aliuliza mzee.

"Ni Mama Shida, Tata," alijibu Hyasinta. "Amejifunga macho."

Mzee akainua kichwa juu ya mawe.

"Haoni?"

"Haoni kitu, Tata."

Mzee Masatu akaanza kulia. Lakini katika kilio kile kile alinyanyua sauti. "Mwambie ashike kulia. Kushoto kuna jiwe baya, ndilo lililoniangusha. Kulia, Mama Shida. Weka mguu polepole. Hapo. Hapo hapo. Sasa kaa chini uteleze kwa makalio, usisimame."

Akamwongoza hivyo mpaka chini, jiwe kwa jiwe, yeye aliyevunjika akimlinda mzima asianguke. Dafroza alipomfikia, mikono yake ikakuta bega. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumgusa mtu huyu. Lilikuwa bega lenye baridi, mifupa mitupu.

"Samahani, Tata," alisema.

"Inua, mwanangu," alisema mzee. "Inua tu."

Walimfikisha nyumbani. Pastory na wenzake walikuja baadaye, mbio, wakiwa wamelowa, na hakuna aliyecheka.

Lori lilikuwa limeshaondoka. Walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, wakangoja gari la kwenda mjini. Hospitalini daktari alisema aliyoyajua Dafroza tangu kwenye mawe. Ni nyonga, na kwa umri ule alale tu, apumzike, atunzwe. Wakarudi naye.

Bernado alikuja kutoka Rukuba, akakaa na baba yake. Alimgeuza, akamwosha, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Alifanya hivyo vizuri kadiri alivyoweza, mpaka wenzake wakatuma habari kwamba nyavu zinaozea majini. Akarudi ziwani akisema atakuja Jumamosi. Kumwosha mzee kukawa kazi ya Hyasinta, aliyekuja kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Dafroza alipika, akafua mashuka, akaweka kila kitu mlangoni. Zaidi ya mlango hakuvuka.

Ndipo alipoona vikombe. Maji aliyoyapeleka yalirudi. Uji ulirudi, umepungua kidogo tu kwa juu. Mwanzo alidhani ni maumivu. Halafu akakumbuka mabibi wa kule wodini, wale wenye haya, waliofunga midomo ili wasimsumbue mtu kwa haja zao.

Akasimama nje, kwenye ukuta, upande wa kichwa cha kitanda.

"Tata. Kunywa maji."

"Nimekunywa."

"Kikombe kimejaa, Tata."

"Nikinywa itabidi Hyasinta arudi jioni. Mtoto wa watu ana shamba lake. Ana watoto wake."

"Atarudi. Anapenda kuja."

"Najua atarudi. Hiyo ndiyo shida."

Dafroza aliegemea ukuta. "Tata, usinifanyie hivi. Kunywa kwa ajili yangu. Nitajifunga tena macho, nitaingia mwenyewe, sitaona kitu. Nakuomba!"

"Hapana, mwanangu. Ile siku ilitosha." Baadaye akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za shamba, "Kilikuwa kitambaa gani?"

"Cha kijani, Tata."

"Nilikiona. Ulishuka vizuri. Hukuteleza hata kidogo."

Dafroza alilia pale ukutani, na mzee akasikia. Akaomba kikombe. Shida akampa, akanywa funda moja, kubwa, ili lisikike nje. Lakini hakuomba tena. Hyasinta alimkuta asubuhi moja amelala kimya, uso umegeukia ukuta ule ule, na kilio chake Hyasinta ndicho kilichowaambia majirani.

Watu walikuja wengi. Walikuja na mitumbwi kutoka Rukuba, walikuja kwa miguu kutoka Nyegina, wazee wa Chama cha Fimbo walikuja kila mmoja na fimbo aliyochongewa na marehemu. Lori lilikuja siku hiyo mwaloni likarudi tupu. Hakuna aliyevua, hakuna aliyesimama kwenye mizani. Kwa heshima ya msiba, waliacha yote.

Kaburi walilichimba ng'ambo ya ghala, hatua kadhaa kutoka kwenye miiba iliyofunika lile shimo la zamani. Dafroza alikuwa amekaa na wanawake, kichwa begani kwa Hyasinta, alipoanza kusikia vyuma. Kwanza majembe. Halafu majembe yakanyamaza, na mtu akasema, mwamba huo. Hakuna aliyeuliza nani atalipa. Ilikuja mitaimbo kutoka kila nyumba, zikaja sururu, ikaja nyundo kubwa ya misheni. Wakawasha moto juu ya jiwe, wakalimwagia maji likalia, wakaligonga. Pastory alivua shati. Wakapokezana, huyu akichoka huyu anaingia, wakiimba.

Jua halijafika utosini, walikuwa wamefika mabegani.

Dafroza akainuka. Wanawake walimvuta, akajinasua. Alitembea mpaka kwenye ukingo wa kaburi, akasimama, na wanaume wakaacha kuimba. Ndani alikuwemo Bernado, amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope, ameshika mtaimbo. Dafroza alitazama kuta za kaburi, zilivyonyooka. Akatazama vipande vya mwamba vilivyorundikwa pembeni. Halafu akatazama ile miiba.

"Kumbe unapasuka," alisema.

Bernado aliinua uso. Machozi yalichora michirizi kwenye vumbi la mashavu yake. "Mama Shida..."

"Asubuhi moja tu," alisema Dafroza. "Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu."

Pastory alikuwa ameshika shati lake mikononi, analikunja na kulikunjua. Hyasinta alikuja akamshika Dafroza kiuno, akamrudisha mkekani polepole, akimwonyesha penye mawe ili asijikwae, na nyuma yao vyuma vikaanza tena kugonga.